Uzi: Wikendi nje ya mji na mtoto aliye kwenye kemo – hesabu ya damu, begi la dawa, na kushukuru bila kulazimishana

Nesi wa Zamu

Wakuu, habari za jioni. Kila mwezi linarudi swali lile lile: mtoto anatibiwa saratani ya damu, daktari kasema "mnaweza kutoka kidogo mkapunge upepo", familia inabaki na ruhusa mkononi na haijui pa kuanzia. Uzi huu ni wa hilo tu. Naanza na damu, wenye fani nyingine waongeze. Nazungumzia hasa ALL (leukemia kali ya seli za limfu), inayoongoza kati ya saratani za damu za watoto, ambayo matibabu yake huchukua miaka 2 hadi 3. Miaka hiyo haiwezi kupita yote kati ya wodi na kitanda cha nyumbani.

Kosa la kwanza ni kuchagua wikendi kwa kufuata likizo ya shule au harusi ya binamu. Wikendi inachaguliwa na FBP, kile kipimo cha hesabu ya damu. Dawa nyingi za kemo za dripu hushusha seli nyeupe hadi chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Kwa mtoto wa mzunguko wa siku 21, siku za kutoka ni zile za mwishoni, kama siku ya 16 hadi 20, kabla hajapokea dozi nyingine. Aliyefika awamu ya vidonge ana nafasi pana zaidi, ila wiki ya deksamethasoni (dawa ya steroidi) iacheni ipite. Wiki ile mtoto ana njaa kila baada ya saa 2, analia bila sababu, usiku halali. Mtalipia chumba mje kugombana.

Pimeni Alhamisi, muamue Ijumaa asubuhi. Kwenye karatasi tafuta WBC (seli nyeupe zote) na asilimia ya neutrofili (seli nyeupe zinazopigana na bakteria), uzidishe. Mfano: WBC 2.4, neutrofili asilimia 45. 2.4 × 0.45 = 1.08, na kwa kuwa namba hizi ni za maelfu, ni neutrofili 1,080. Kwa kawaida chini ya 500 hakuna safari. Kati ya 500 na 1,000 ni daktari aseme, na mara nyingi atasema tembeeni mchana, mrudi kulala nyumbani. Zaidi ya 1,000 na hana homa, fungeni mizigo. Angalia pia pletileti, chembe za kugandisha damu: chini ya 50,000 hakuna bembea wala kurukaruka, chini ya 20,000 msitoke karibu na hospitali yenu.

Tahadhari moja: mashine nyingine zinachapa neutrofili mara mbili, kwa asilimia na kwa idadi kamili. Mtu anachukua ile idadi kamili anaizidisha tena, anapata namba ya kutisha, safari inafutwa bure. Au kinyume chake, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Piga picha karatasi, mtumie nesi wenu athibitishe.

Dereva wa Ubungo

Asante sana dada. Mimi niongelee umbali na njia, ndiko watu wanakochemka.

Kanuni ya kushika: kutoka kitandani mnapolala hadi hospitali inayoweza kumwekea mtoto antibaiotiki ya mshipa isizidi saa moja, hata saa 8 usiku. Isiwe saa moja ya mchana barabara nyeupe. Kwa mtu wa Dar, Kigamboni na Bagamoyo zinaingia vizuri. Bagamoyo kuna hospitali ya wilaya, na kurudi mjini ni kilomita 70 hivi. Ila Jumapili jioni Bunju hadi Mwenge kunafunga. Ondokeni Bagamoyo kabla ya saa 9 alasiri au mlale mpaka Jumatatu alfajiri, na hilo la pili kama Jumatatu si siku ya kliniki. Kigamboni, piteni Daraja la Nyerere. Pantoni ni nzuri kwa kutazama maji, si kwa mtoto mwenye homa huku foleni imefika barabarani.

Morogoro imekuwa rahisi tangu SGR ianze kubeba abiria Juni 2024: ni chini ya saa 2, hakuna kutapika kona za mizani, hakuna vumbi. Shida ya treni ni kwamba ina ratiba yake na homa ina ya kwake. Ukienda kwa treni, uwe na namba ya dereva wa Morogoro anayepokea simu usiku. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko mjini pale pale, kwa hiyo laleni mjini, milima ya Uluguru mtaitazama mkiwa mezani.

Mbudya na visiwa vingine, hapana. Boti inakuja kuchukua watu kwa saa yake. Zanzibar kwa boti ni kama saa 2 kukiwa shwari, mtoto aliyekwisha kuchoka na kichefuchefu cha dawa humwongezei cha bahari.

Mama K

Wakuu samahani, kwani ni lazima kutoka? Si mtoto akae ndani tu mpaka amalize dawa? Huko nje ndiko kwenye vijidudu.

Nesi wa Zamu

Mama K, swali halali kabisa. Sehemu kubwa ya maambukizi yanayompata mtoto neutrofili zikiwa chini hutoka kwa bakteria wake mwenyewe, wa utumbo, mdomo na ngozi. Kufunga madirisha hakuwazuii wale. Kinachosaidia ni kunawa mikono, kinywa safi, chakula kilichoiva, na kuwahi homa. Vyote hivyo vinawezekana Bagamoyo kama vinavyowezekana Mbagala. Cha kukwepa ni msongamano: sherehe, daladala iliyojaa, watoto wenye mafua. Na tetekuwanga na surua ni habari nyingine. Mtoto wenu akikaa chumba kimoja na mwenye vipele vya tetekuwanga, pigeni simu wodini siku hiyo hiyo hata kama hana dalili yoyote. Kuna kinga ya kumpa, na hufanya kazi vizuri ikiwahi, ndani ya siku 4.

Mfamasia Mtaa wa Pili

Begi la dawa. Nitaandika kirefu kidogo, mnisamehe.

Vidonge vibaki kwenye chupa au pakiti zake, visichanganywe kwenye kopo moja la "safari". Merkaptopurini, kemo ya vidonge, ni ya kila siku. Methotrekseti ya vidonge, nayo kemo, ni ya mara MOJA kwa wiki. Andika kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi: IJUMAA TU, au siku yoyote mliyopangiwa. Safarini ratiba huvurugika, shangazi anasaidia kumpa mtoto dawa, anaona chupa mbili, anatoa zote mbili Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Methotrekseti ya siku tatu mfululizo inaweza kuchubua mdomo na utumbo mzima na kuangusha damu. Mtu mmoja ndiye awe mwenye begi, wengine wasiliguse.

Chukua dozi za siku 2 zaidi ya mlizopanga. Begi lisikae kwenye dashibodi wala buti, joto la gari lililoegeshwa juani linaua dawa. Mtoto akitapika muda mfupi baada ya kumeza, usirudie dozi kwa kukisia, piga simu uulize. Vidonge hivi havisagwi kwa vijiko vya wenye nyumba wala havishikwi na mama mjamzito kwa mikono mitupu. Glavu jozi 6 zinatosha wikendi. Kwa saa 48 baada ya kemo, mkojo na matapishi hushikwa kwa glavu, choo kinamwagwa maji mara mbili, na shuka iliyochafuka inafungwa kwenye mfuko wa plastiki mkafue wenyewe. Msimwachie dada wa usafi wa gesti bila kumwambia.

Vingine: kipimajoto cha betri na betri ya akiba. Ondansetroni ya kuzuia kutapika. Dawa ya kulainisha choo, maana vinkristini (kemo ya mshipa) inafunga choo na ondansetroni nayo inafunga, mkiongeza ndizi za kukaanga siku nzima Jumapili ni kilio. Hakuna kumpiga bomba mtoto huyu, wala dawa ya kuweka nyuma. ORS pakiti 3, na soma pakiti imeandikwa maji kiasi gani, kuna za lita 1 na kuna ndogo. Chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, asukutue baada ya kila mlo.

Visivyoingia begini: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Zinavuruga kazi ya pletileti, ambazo tayari ni chache.

Baba Mjuzi

Mkuu umesahau parasetamol, hiyo si ndiyo ya kwanza?

Mfamasia Mtaa wa Pili

Sikuisahau kaka. Inaweza kuwepo, ila haitolewi kabla ya kupima joto na kabla ya kuongea na wodi. Parasetamol inashusha namba kwenye kipimajoto, bakteria kwenye damu wanaendelea na shughuli zao. Mnalala mmeridhika, alfajiri mtoto mikono ya baridi, hajitambui.

Nesi wa Zamu

Hapo kwenye homa ndipo nilitaka tufike.

Pima kwapani asubuhi, jioni, na wakati wowote anapoonekana mnyonge. Kausha jasho kwanza, ncha iingie katikati ya kwapa, mkono ubanwe kifuani mpaka kipimajoto kilie. Wengi wanakitoa mapema kwa sababu mtoto anajinyonganyonga, wanasoma 36.9 ya uongo. Kinywani, subiri dakika 20 baada ya chai. Njia ya haja kubwa, kamwe.

38.5 mara moja, au 38.0 inayodumu saa moja, ni kwenda hospitali. Wodi nyingine husema 38 tu yatosha, chukueni namba ya wodi yenu. Na saa hiyo moja si ya kulala, ni ya kufunga begi na kumwamsha dereva. Kutetemeka kwa baridi bila homa ni hivyo hivyo. Aliye kwenye deksamethasoni anaweza asipandishe joto kabisa, kwa hiyo mtazameni yeye, msitazame kipimajoto peke yake.

Kubwa kuliko yote kwa nchi zetu: homa ya mtoto huyu si "malaria mpaka ithibitike vingine". Mnapita duka la dawa, anapimwa kidole, mstari unatokea au hautokei, mnapewa dawa ya mseto mnarudi gesti. Hata malaria ikionekana, anaweza kuwa nayo pamoja na maambukizi ya damu. Apimwe malaria NA apewe antibaiotiki ya mshipa ndani ya dakika 60 tangu afike, majibu ya damu inayooteshwa maabara kutafuta bakteria yatafuata. Hospitali mtakayoangukia huenda haina mazoea na watoto hawa, na hilo si kosa la daktari wa zamu. Ndiyo maana mnabeba barua ya ukurasa mmoja: ugonjwa, dawa na tarehe ya dozi ya mwisho, FBP ya Alhamisi, kundi la damu, mzio, simu ya wodi, na mstari mmoja wa daktari wenu ukisema dawa gani ianze. Nakala mbili, na picha kwenye simu. Barua ikisema "mgonjwa wetu, tafadhali msaidieni" haisaidii kitu.

Chandarua mnabeba chenu. Cha gesti kina matundu.

Mpishi wa Pwani

Chakula kiive, kiliwe cha moto, ndio msingi. Samaki wa kukaanga mbele yenu, sawa. Aliyekaangwa asubuhi akawekwa kwenye kabati la kioo, mpite. Kachumbari, saladi, juisi ya ukwaju ya ndoo, barafu, mtindi wa kienyeji, mayai ya kiini kibichi: hapana. Matunda ya kumenya wenyewe ndio rafiki: ndizi, chungwa, embe lililooshwa kabla ya kumenywa. Mkikata kabla ya kuosha, kisu kinaingiza uchafu wa ganda ndani ya nyama.

Dafu watoto wanalipenda. Mwombe muuzaji aoshe kichwa cha dafu na panga kwa maji yenu ya chupa, akate, mtoto anywe papo hapo. Lisikatwe mkaenda nalo chumbani kunywea saa 2 baadaye. Mdomo ukiwa na vidonda, pilipili, ndimu na embe bichi visogezwe mbali na meza, na wakubwa nao wavumilie. Kumtazama mwenzio anachovya embe kwenye pilipili huku wewe unasukutua chumvi ni adhabu.

Fizio Pwani

Mchangani kuna jambo halijasemwa. Vinkristini hulegeza neva za miguu, mtoto anashindwa kunyanyua ncha ya unyayo. Sakafuni haionekani sana. Kwenye mchanga mtazame kwa nyuma: kidole gumba kinachora mstari kabla ya unyayo kutua, ndala inavuka inabaki nyuma hatua mbili, anageuka kuitafuta anaanguka. Watu wanasema mvivu. Mvalisheni viatu vya kufunga kisigino, atembee kwenye mchanga mgumu uliolowa, dakika 10 apumzike. Hiyo hali mwambieni daktari kabla ya dozi inayofuata.

Jua: Septrini na methotrekseti zinafanya ngozi iungue upesi. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni ni kivulini, kofia pana, mikono mirefu. Magofu ya Kaole nendeni asubuhi lango likifunguliwa, saa 6 mchana pale mawe yanachoma.

Kuogelea: aliyechomwa mgongo au kutolewa uboho wiki hiyo asubiri kidonda kifunge. Mwenye mrija wa dawa unaoning'inia nje haingii majini kabisa. Sindano ya mkononi isiachwe "ili Jumatatu tusichome tena", itolewe kabla ya safari. Na ndugu wa Mwanza, Musoma, Bukoba: ziwa ni la kutazama. Kichocho kwa mtoto huyu hatukihitaji.

Dada Ustawi

Nimewasoma wote, asanteni. Kichwa cha uzi kinataja kushukuru na bado hatujakifikia, tuko kwenye glavu na vipimajoto. Ila mpangilio ni sahihi. Mzazi anayewaza "dawa nimebeba au sijabeba" hawezi kuona bahari iliyo mbele yake.

Kwanza cha kuacha. Acheni kumwambia mtoto "shukuru, wenzio wako wodini hawajatoka". Mtoto wa wodi anawajua hao wenzie kwa majina, anajua nani kitanda chake kimetandikwa upya. Ukimwambia hivyo umemgawia hatia, na shukrani hutaipata. Acheni pia kumtaka atabasamu kwa kila picha ili wajomba kwenye grupu waandike amina. Picha mbili zatosha, na zisipelekwe mtandaoni kabla hajakua wa kuulizwa.

Cha kufanya ni kidogo sana. Baada ya chakula cha jioni, kabla ya vidonge, mkiwa mkekani, kila mmoja aseme kitu kimoja cha leo alichokiona, kukila au kukisikia. Kitu, si fundisho. "Namshukuru Mungu kwa yote" ni sala njema na ina mahali pake, ila hapa haihesabiki. "Kaa mwenye kucha moja kubwa" inahesabika. "Chai ilikuwa na iliki." "Sikuamshwa usiku kupimwa presha." Aanze mkubwa, mtoto awe wa mwisho au apite. Akisema "leo hakuna", mjibu "sawa" na muendelee. Asisahihishwe. Dakika 10, si zaidi, deksamethasoni au uchovu vitaharibu zaidi ya hapo.

Andikeni. Lile daftari la joto na dawa ligeuzwe, muanzie ukurasa wa nyuma. Mbele 37.1, kidonge kimoja na nusu, choo hakuna. Nyuma kaa, iliki. Faida ya daftari moja ni kwamba linakwenda wodini kila mara. Mtoto akiwa kwenye dripu ya muda wa saa 4, hakuna anayekumbuka kubeba albamu ya picha, ila daftari lipo.

Kwa wanaotaka ushahidi: Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti mwaka 2003, ambapo waliowekwa kuandika mambo ya kushukuru mara moja kwa wiki kwa wiki 10 walijiona wana hali nzuri kuliko walioandika kero. Walikuwa wanafunzi wa chuo, si wazazi wa wodini, kwa hiyo tusiubebeshe mzigo usio wake. Na mzazi ambaye wiki kadhaa halali, hali, hana hamu na chochote, aonane na mshauri. Daftari halitibu sonona.

Baba Mjuzi

Dada, kuna watu wanatumia shanga, kila jambo jema shanga moja kwenye uzi. Vipi?

Dada Ustawi

Ni nzuri kwa wa miaka 6 kwenda juu. Kama kuna mdogo wa chini ya miaka 3 nyumba hiyo, shanga zitaishia puani au kooni. Tumieni vifungo vikubwa vya shati.

Na huyo mdogo, na dada zake na kaka zake, msiwasahau. Miezi yote wanaambiwa "mama yuko hospitali". Mpeni kila mmoja saa moja ya mzazi mmoja peke yake, Jumamosi asubuhi, bila mgonjwa. Wapangiwe kabla ya kuondoka nyumbani, vinginevyo haitatokea.

Mama K

Na ndugu wanaotaka kushukuru kwa vitendo? Wajomba wanatuma hela ya vocha na maneno matamu.

Nesi wa Zamu

Waambie wakachangie damu, Mama K. Mtoto wa kemo hutumia damu nyingi, na pletileti hudumu siku 5 tu tangu zitolewe, kwa hiyo haziwezi kuwekwa akiba ya mwezi. Mpango wa Taifa wa Damu Salama unapokea mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50. Mwanaume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Wajomba wanne wakijipanga kwa zamu badala ya kwenda wote siku moja, kila baada ya wiki 3 hivi kuna mtu.

Dereva wa Ubungo

Jumapili ya kurudi tusiipite. Watu wanajaza ratiba mpaka dakika ya mwisho, mtoto anafika saa 4 usiku, Jumatatu saa 1 asubuhi yuko foleni ya kutoa damu. Ikiwezekana muwe nyumbani kabla ya jua kuzama.

Nesi wa Zamu

Kweli. Mkifika: pima joto, kagueni miguu na magoti kama kuna michubuko mipya, vidonge kwa saa ile ile ya kila siku, kinywa kwa chumvi. Damu ya pua ikitoka njiani, ainame mbele, mbane sehemu laini ya pua dakika 10 mkitazama saa, bila kuachia kuchungulia. Isipokoma, hospitali.

Kuna mtu PM ameuliza barua iandikwe Kiswahili au Kiingereza. Kiingereza, kwa madaktari wa zamu. Namba ya simu ya wodi ijaribiwe kabla ya kuondoka, nyingine hazipokelewi baada ya saa 10 jioni. Kesho nikipata nafasi nitaweka mfano wa barua hapa chini, bila majina.